Obiti, mzingo, mzunguko, njia au falaki: neno lipi ulitumie wapi

Jumamosi ya Aprili 15, 2023, setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa kutoka Vandenberg, California, ikiwa ndani ya roketi ya Falcon 9. Siku hiyo nilikuwa zamu ya kutafsiri habari za mchana katika redio moja. Habari yenyewe ilikuwa fupi, nikaandika: "Setilaiti ya Taifa-1 imefanikiwa kuingia kwenye mzunguko." Mtangazaji akaipitia kwa sauti ya chini kabla ya kuingia studio, akasita kwenye neno la mwisho. "Dada, huu mzunguko wa ngapi?" Alikuwa ametoka kupanga habari za michezo, na kwenye ligi mzunguko ni wa kwanza au wa pili. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Nilibakiwa na dakika tatu. Nikafuta, nikaandika "njia yake ya kuizunguka Dunia", habari ikasomwa, ikapita.

Mimi haijanipita. Neno orbit la Kiingereza linafika mezani kwangu karibu kila wiki: kwenye habari za anga, kwenye makala ya siasa, hata kwenye karatasi za hospitali. Kiswahili hakikosi maneno ya kulipokea. Yapo mengi, na wingi wake ndio unaotusumbua: mzunguko, mzingo, njia, falaki, obiti, na mhimili, ambalo huchanganywa humo kimakosa. Kila moja lilikuwa na kazi yake tangu zamani, na ukilitwisha kazi mpya bila kulichunguza, litampeleka msomaji kule lilikozoea kwenda. Nimeyapanga hapa sambamba kwa ajili ya mwalimu, mwandishi wa habari, mtafsiri na mzazi anayemsaidia mtoto kazi za nyumbani.

Kitu chenyewe ni kipi

Waroma walikuwa na neno orbita, yaani alama inayoachwa na gurudumu barabarani. Aliyewahi kupita barabara ya udongo wakati wa masika anazijua alama hizo. Magari yamepita mpaka tope limechimbika mistari miwili, na gari linalofuata, dereva apende asipende, linatumbukia mlemle. Wataalamu wa nyota waliichukua picha hiyo wakaipeleka angani, kwa kuwa sayari nazo hupita pale zilipopita jana.

Ila angani hakuna tope wala reli. Ukitaka kumwonyesha mtoto, funga kijiwe kwenye kamba ya nusu mita, tafuta uwanja usio na watu wala vioo, ukizungushe juu ya kichwa. Mkono unakivuta ndani, mwendo wake unakipeleka mbele, na kati ya mambo hayo mawili kinachora duara hewani. Ukiiachia kamba, kijiwe kinafyatuka na kwenda zake moja kwa moja. Kamba ya setilaiti ni mvutano wa Dunia. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kipo kilomita 400 hivi juu yetu, kinakwenda zaidi ya kilomita 7 kila sekunde, na kinaimaliza Dunia nzima kwa dakika 90 na ushei.

Sasa tazama mambo matatu yaliyofungamana hapo. Kuna mstari unaopitwa. Kuna kitendo cha kuupita mstari huo. Na kuna urefu wa mstari. Kiingereza hutumia orbit kwa mstari na kwa kitendo bila kubagua. Kiswahili kina uwezo wa kuyatenga yote matatu, kila jambo na jina lake, na sioni kwa nini tuutupe uwezo huo.

Mzunguko

Hili ndilo linalokuja mdomoni kwanza, na ndilo lililoniponza. Limetoka kwenye kitenzi zunguka, kwa hiyo moyo wake ni kitendo: kwenda na kurudi ulipoanzia. Tunasema mzunguko wa damu, mzunguko wa maji, mzunguko wa fedha, mzunguko wa hedhi, mzunguko wa pili wa ligi. Katika hayo yote hakuna mstari wa kuchorwa. Kuna jambo linalojirudia, na mara nyingi lina muda wake na idadi yake.

Kwa hiyo mzunguko ni neno zuri kwa kuhesabu. "Setilaiti hukamilisha mzunguko mmoja kwa dakika 95" ni sentensi isiyo na dosari. "Mwezi hukamilisha mzunguko wake kwa siku 27 na saa kadhaa" vilevile. Ukisema "setilaiti imewekwa kwenye mzunguko", umemwambia msikilizaji kwamba imeingizwa katika kitendo, na kwa sababu noti mpya nazo huwekwa kwenye mzunguko, ana haki ya kudhani imeanza kutumika mitaani.

Kuna shida nyingine, nzito zaidi. Dunia ina mizunguko miwili. Shuleni tumeimba wote: mzunguko wa Dunia katika mhimili wake husababisha usiku na mchana, mzunguko wa Dunia kulizunguka Jua husababisha majira ya mwaka. Ukiandika "mzunguko wa Dunia" ukanyamaza, hujasema ni upi. Mmoja ni wa saa 24, mwingine ni wa siku 365 na robo. Nimeshuhudia mtoto wa darasa la tano akijibu swali la pili kwa jibu la kwanza, na kosa halikuwa lake. Swali lilisema tu "mzunguko wa Dunia".

Na neno hili lina harufu ya mtaani. "Ananizungusha" ni malalamiko ya mtu anayedai pesa yake na kuambiwa njoo kesho. "Kuzunguka mbuyu" ni kutoa hongo. Si sababu ya kulikwepa, lakini ni vizuri kujua kwamba zunguka na jamaa zake wana mambo mengine wanayoyafanya kila siku.

Mzingo

Wapo waandishi wanaolipenda hili kuliko yote, na nawaelewa. Ni la Kibantu, fupi, lina mvuto. Ukoo wake ni mkubwa: zinga, zingira, mazingira, kizingo cha mto. Wote wana wazo la kitu kilichopinda kikakizunguka kingine. Ukisikia "mzingo wa Mwezi" sikio linakubali mara moja.

Kikwazo ni hesabu. Katika shule za msingi za Tanzania mzingo una kazi rasmi: ni jumla ya urefu wa pande zote za umbo. "Tafuta mzingo wa mstatili wenye urefu wa sentimita 8 na upana wa sentimita 5." Mzingo wa duara nao ni kipenyo mara pai. Mtoto anakutana na neno hilo miaka kadhaa kabla hajasikia habari za Kepler, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani, na anakutana nalo mara mia, kwenye daftari, ubaoni na kwenye mtihani.

Sasa andika "mzingo wa Dunia" uone kinachotokea. Kwa mwanafunzi wa hesabu, mzingo wa Dunia ni urefu wa mstari unaoizunguka pale ikweta, yaani kilomita 40,075. Kwa mwandishi wa habari za anga, mzingo wa Dunia ni mstari ambao Dunia inaupita kulizunguka Jua, wenye urefu wa kilomita milioni 940 hivi. Maneno yaleyale matatu, majibu mawili yaliyoachana kama mbingu na ardhi, na yote sahihi. Kwangu mimi hoja hii inatosha. Mzingo ubaki kwenye hesabu, unakofanya kazi vizuri, na utusaidie tunapotaka kusema urefu: "mzingo wa obiti ya Dunia ni kilomita milioni 940". Hapo maneno mawili yanashirikiana bila kugombana.

Wapo pia wanaoyaunganisha na kupata njiamzingo. Neno limejengwa vizuri na linajieleza. Kwenye karatasi halina tatizo. Hewani nimeona ulimi wa msomaji unalikwepa, hasa likiwa kwenye wingi.

Njia

Njia ni neno la kila mtu. Mtoto wa miaka mitano analijua, bibi yake analijua, na halimtishi yeyote. Wafasiri wa Kurani kwa Kiswahili walipofika kwenye aya ya 40 ya Sura Yasin, isemayo kwamba jua na mwezi kila kimoja kinaogelea katika falaki yake, walikuwa na sababu njema ya kuandika njia. Msomaji akaelewa papo hapo.

Mimi hulitumia kila ninapoandika kwa ajili ya watoto wadogo, na kila ninapolazimika kueleza kwa mara ya kwanza. "Njia ambayo Mwezi hupita unapoizunguka Dunia." Hakuna wa kuuliza tena.

Udhaifu wake ni kwamba peke yake halisimami. Lazima lifuatwe na maelezo, na makala yenye orbit mara ishirini inageuka kuwa makala yenye sentensi ndefu ishirini. Ukilikata, linapotea. "Setilaiti imeingia njiani" maana yake iko safarini, haijafika. "Njia ya setilaiti" nayo imeshachukuliwa: kila siku tunatangaziwa kwamba mechi inarushwa kwa njia ya setilaiti, yaani kwa kuitumia. Msomaji anayekutana na "kasoro katika njia ya setilaiti" atadhani matangazo yamekatika.

Falaki

Hapa naandika kwa mapenzi, na naomba msomaji anivumilie. Falaki ni neno la kale katika habari hizi. Kwa Kiarabu falak ndiyo njia yenyewe ya nyota na sayari, na pwani yetu ilikuwa na elimu ya falaki karne nyingi kabla ya roketi. Nahodha wa jahazi aliijua. Waliopanga Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya kule Makunduchi, Unguja, wakihesabu siku za mwaka wa jua, waliijua. Majina ya sayari tunayoyatumia hadi leo, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, yalikuja na elimu hiyohiyo. Ingekuwa haki falaki iwe jina la obiti, na mambo yote ya angani yakae nyumba moja.

Lakini maana imehama. Mswahili wa leo akisikia falaki anafikiria elimu nzima ya nyota, na pengine zaidi anafikiria kutazamia. Kupiga falaki ni kubashiri. Ukiandika "Taifa-1 imeingia kwenye falaki", mtu mzima wa Lamu au Unguja atajiuliza imekwenda kutazamiwa jambo gani. Huwezi kulirudisha neno kwenye maana ambayo wasemaji wenyewe wameiacha, hata ukiwa na kamusi mkononi. Kwa hiyo nalitumia kwa elimu, "wanafalaki", "elimu ya falaki", na inaniuma kidogo kwamba siwezi kulitumia zaidi ya hapo.

Obiti

Limebaki hili, la kuazima, lisilo na ndugu kwenye lugha. Watu hulipinga kwa sababu hiyo. Husema: kwa nini tuazime tukiwa na yetu? Jibu langu ni kwamba ugeni wake ndio unaolifaa. Halina kazi nyingine. Haliko kwenye ligi wala benki, haliko kwenye mtihani wa hesabu, haliko kwa mganga. Msikilizaji asiyelijua atauliza maana yake, na anayelijua hatakosea. Hapo awali sikuona tofauti kati ya kutoelewa na kuelewa vibaya, lakini siku ile ya redio niliiona. Asiyeelewa ataulizia. Aliyeelewa vibaya anakwenda zake akiwa ameridhika.

Na halikuja peke yake. Limekuja pamoja na setilaiti na roketi, maneno ambayo hakuna anayeyaona mageni tena, na limekaa jirani na sayari, ambalo nalo liliazimwa kwa Waarabu enzi hizo. Linaingia kwenye sarufi bila vurugu: obiti ya Mwezi, obiti zao, obiti hii, imetoka kwenye obiti. Linapokea sifa kwa urahisi, na hapa ndipo maneno mengine yanapoachwa nyuma. Obiti ya chini. Obiti ya ikweta. Obiti ya ncha kwa ncha. Jaribu "njia ya kuizunguka Dunia ya ikweta" uone inavyogongana.

Nitoe mfano wa nyumbani. Kaskazini ya Malindi, baharini, lipo jukwaa la San Marco ambalo Waitaliano walilitumia kurusha setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Walikuja kwetu kwa sababu ya ikweta: pale Dunia inajizungusha kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, na roketi ikirushwa kuelekea mashariki inabebwa na kasi hiyo bure. Kutoka jukwaa hilo, Desemba 12, 1970, iliondoka setilaiti ya Wamarekani iliyokuwa ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, wakaiita Uhuru. Iliingia kwenye obiti ya ikweta, kilomita zaidi ya 500 juu, ikafanya kazi hadi 1973 na kuacha orodha ya vyanzo 339 vya miali hiyo. Ninapoisimulia habari hii kwa Kiswahili, "obiti ya ikweta" inabeba kwa maneno matatu kitu ambacho nisingekimaliza kwa sentensi nzima ya njia na kuzunguka. Na neno la Kiswahili, uhuru, lilikuwa limeshapita juu ya vichwa vya watu wa ikweta kila baada ya saa moja na nusu na dakika chache, zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Lugha iliyofika huko inastahili kuwa na jina la mahali ilipofika.

Mfano wa pili uko juu ya bati. Mwangalie fundi wa dishi akiwa kazini. Amelishika dishi kwa mikono miwili, chini kuna mtu mbele ya televisheni anayepaza sauti, "Bado… bado… hapo! Rudisha kidogo!" Akipata, anakaza nati na kushuka, na dishi halitaguswa tena kwa miaka. Setilaiti inayotafutwa haijasimama. Iko kwenye obiti ya kilomita 35,786 juu ya ikweta, na huko juu mzunguko mmoja unachukua muda uleule ambao Dunia inautumia kujizungusha mara moja, kwa hiyo kwetu inaonekana imetulia. Kwa setilaiti iliyo juu ya longitudo ya nyuzi 36 mashariki, dishi la Dar es Salaam au Nairobi linatazama juu karibu wima, ndiyo maana mvua ikinyesha mengine hujaa maji kama sufuria. Soma tena sentensi zile: obiti imetaja mahali, mzunguko umetaja kitendo na muda wake. Kila neno lina sehemu yake na hakuna aliyemkanyaga mwenzake.

Ninachoshauri ni kwamba mara ya kwanza katika makala ulieleze obiti kwa njia: "obiti, yaani njia ambayo setilaiti hupita kuizunguka Dunia". Baada ya hapo liachie liende lenyewe.

Mhimili si mshindani

Nalitaja kwa kifupi kwa sababu linaonekana kwenye magazeti. "Setilaiti imefika kwenye mhimili wake." Hapana. Mhimili ni ule mstari wa kufikirika unaopita katikati ya Dunia kutoka ncha hadi ncha, ambao Dunia inajizungusha juu yake kama pia. Umeinama nyuzi 23 na nusu, na mwinamo huo, Dunia ikilizunguka Jua, ndio unaoleta majira. Obiti iko nje, inakizunguka kitu. Mhimili uko ndani, umekipenya.

Tofauti hii ina uzito kwetu tulio kusini ya ikweta. Obiti ya Dunia si duara kamili, ni duaradufu, kama ile ya Mirihi ambayo Kepler aliionyesha mwaka 1609. Mwanzoni mwa Januari tuko kilomita milioni 147 kutoka kwenye Jua, na mwanzoni mwa Julai milioni 152. Dar es Salaam Januari ni joto la kukausha koo na Julai ni kipupwe. Mtoto makini akisikia hivyo atasema joto linaletwa na ukaribu. Lakini Januari hiyohiyo Ulaya wanatetemeka kwa baridi, na wao wako kwenye obiti ileile. Ni mwinamo wa mhimili. Mwalimu aliyechanganya maneno haya mawili hataweza kumtoa mtoto kwenye kosa hilo.

Sentensi moja, maneno matano

Nazirudia hapa kwa mpangilio, kwa anayetaka kuona haraka:

"Taifa-1 imeingia kwenye mzunguko." Msikilizaji anauliza wa ngapi.

"Taifa-1 imeingia kwenye mzingo." Mwanafunzi anafikiria urefu wa pande.

"Taifa-1 imeingia njiani." Haijafika.

"Taifa-1 imeingia kwenye falaki." Kuna jambo linatazamiwa.

"Taifa-1 imeingia kwenye obiti." Iko juu, inaizunguka Dunia.

Kitenzi

Orbit ikiwa kitenzi, sahau nomino zote. Kiswahili kina zunguka na kina viambishi, na kazi inafanywa na kile kiambishi kidogo cha katikati. "Dunia inazunguka" ina maana mbili. "Dunia inalizunguka Jua" ina moja tu, kwa sababu ya -li-. "Dunia inajizungusha" nayo ina moja tu, kwa sababu ya -ji-. Ninapohariri kazi za vijana, kosa ninalosahihisha mara nyingi ni kukiacha kiambishi hicho. "Setilaiti inayozunguka Dunia" inaeleweka, lakini "inayoizunguka Dunia" inasomeka kama imeandikwa na mtu aliyekuwa anaiona setilaiti yenyewe.

Orbit ya watu na ya mataifa

Waandishi wa Kiingereza hupenda kusema mtu fulani yumo kwenye orbit ya kiongozi fulani, au nchi fulani imetoka kwenye orbit ya Urusi. Huku usipeleke obiti hata kidogo, wala mzingo. Tuna maneno yetu yaliyopevuka.

Kwa watu, tazama uhusiano ulivyo. Kama wanashauriana naye, ni watu wake wa karibu. Kama wanamfuata kwa kutafuta chochote na kumsifia kila anachosema, ni wapambe, na neno hilo limebeba hukumu ambayo orbit haina. Kama amewalea kisiasa, wako chini ya mbawa zake. Kiingereza kimeficha tofauti hizi nyuma ya picha moja ya angani. Mtafsiri lazima aamue, na ili aamue inabidi aisome habari yote.

Kwa mataifa, historia imeshatupa msamiati. Enzi za Vita Baridi tulisema kambi ya Mashariki na kambi ya Magharibi, na Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa na siasa ya kutofungamana na upande wowote. Kufungamana ni kitenzi chenye nguvu. "Nchi iliyofungamana na Moscow" inasema kila kilichomo kwenye orbit, na inasema kwa lugha ambayo wazee wetu walitumia kwenye mikutano ya hadhara. Kwa habari za leo, "chini ya ushawishi wa" inatosha.

Kuna pia Orbit ya dukani, chingamu. Hilo ni jina la biashara, linabaki na herufi zake, halitafsiriwi.

Orbit ya jicho

Madaktari nao wana yao: shimo la mfupa ambamo jicho limekaa. Limejengwa kwa mifupa 7 iliyoshikana, na sehemu ya chini yake ni nyembamba sana, ndiyo maana ngumi au ajali huivunja kwa urahisi. Kwenye vitabu vya tiba utakuta obiti, na kati ya madaktari wenyewe hakuna ubaya. Kwa mgonjwa, ni tundu la jicho.

Mwaka jana mpwa wangu alianguka na bodaboda. Tulikaa kwenye benchi la hospitali na dada yangu mpaka daktari kijana akatoka na picha mkononi, akatuambia kwa upole kwamba jicho lenyewe ni zima ila obiti ina ufa. Dada akanigeukia. "Mwanangu ana nini?"

"Tundu la jicho, dada. Mfupa unaolishika jicho kwa chini umepata ufa."

Akainua kidole, akapapasa polepole chini ya jicho lake mwenyewe, hadi akaufikia ukingo wa mfupa. "Hapa?"

"Hapo hapo," daktari akamjibu, akachuchumaa mbele yake na kuanza kumweleza upya.